SEHEMU YA NNE: ZILE NAMBA KWENYE FOMU YA BIMA

Dada mmoja wa Mnyambe kaniuliza: "Nilianzishiwa uchungu, kwenye fomu wameandika O48. Ndiyo bei?" Hapana dada. Hilo ni jina la sababu, mimba imepitiliza siku zake.

Orodha hiyo ilianza kama hesabu ya vifo. Mfaransa Jacques Bertillon aliitoa mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani likaipokea 1948, magonjwa yakaongezwa, na toleo la kumi likapitishwa 1990. Humo O61 ni uchungu ulioanzishwa ukagoma, O82 ni kujifungua kwa upasuaji. Bima wanaangalia kama huduma inaendana na tatizo. Tukikosea, madai yanarudishwa, ndiyo maana mnatuona wakali na makaratasi!

Dawa ya dripu nayo ina umri wake. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aliona kwamba dawa iliyotolewa kwenye tezi ya chini ya ubongo inakaza mfuko wa uzazi. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani akaitengeneza maabara, ndiyo oksitosini. Miaka miwili baadaye akapewa Nobel.

Huku kwetu Masasi, Dokta Leader Stirling wa misheni alifika 1935 akafanya kazi Lulindi. Baadaye akawa Waziri wa Afya. Enzi zake Lulindi hapakuwa na fomu ya bima. Baada ya Uhuru serikali ikaelekea kwenye matibabu ya bure, mpaka 1993 ikaleta kuchangia gharama. Hapo shikeni vizuri: wajawazito na watoto chini ya miaka mitano walisamehewa kwenye vituo vya serikali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuja kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi 2001, ndipo fomu zikazoeleka.

Sasa msamaha wa kwenye karatasi na wa wodini si kitu kimoja. Stoo ikiisha, mama anatumwa glovu na dripu duka la dawa. Mimi naona ni haki yako kuuliza: naanzishiwa kwa sababu gani, na kipi nalipia? Na kama una kovu la upasuaji, sema kabla dripu haijafungwa, maana mfuko wa uzazi unaweza kuchanika. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ukishatumia, tuambie pia. Hatukugombezi.

Sehemu ya tano kesho: kadi ya kliniki.