Kifuu cha nazi

Kifuu ni ganda gumu la ndani linaloifunga nyama ya nazi, tunda la mnazi (Cocos nucifera). Hutanguliwa na ngozi ya nje na makumbi. Kwenye embe, tabaka hilohilo ndilo gamba la kokwa. Katika dafu, kifuu bado ni laini na hukatika kwa panga. Kina macho matatu: mawili yameziba, chipukizi hutokea kwenye lile laini. Maramba, wilayani Mkinga, kama kwingine mkoani Tanga, kwa kifuu hutengenezwa kata na upawa, ambao kwa haki unaushinda wa bati: mpini wake wa mti hauunguzi mkono. Mkaa wa kifuu ulitumika katika barakoa za kuzuia gesi ya sumu wakati wa Vita vya 1914–1918, na leo huchuja maji.