Ardhi Iliyogeuka Waya

Kati ya mji wa Meru na mji wa Embu pana mwendo wa kama kilometa 70 kwa mstari ulionyoka, na bega la Mlima Kenya limesimama baina yao. Sasa fikirini, wanafunzi, juu ya wimbi la redio lenye mizunguko 4,300 kwa sekunde. Wimbi moja tu la namna hiyo, toka kilele chake hadi kilele cha lile linalolifuata, lingejaza mwendo wote huo. Mafundi wa redio hupenda mlingoti wenye urefu wa robo ya wimbi. Kwa hiyo hapa wangehitaji mlingoti wa kilometa 17 na zaidi. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima wetu, kina meta 5,199 tu. Mlingoti huo ungekipita mara tatu.

Hapana awezaye kujenga kitu kama hicho. Hata hivyo wako watu wasio na mali nyingi wala serikali nyuma yao, wapenzi wa redio tu, ambao wamepeleka na kupokea mawimbi marefu ya jamii hiyo kwa vyuma viwili vilivyochomekwa ardhini na waya uliolazwa katikati yake. Walijifunza wapi? Historia ya jambo hili inakaribia miaka mia mbili, nayo ina ajabu yake: mara nyingi hatua mpya ilipigwa na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Mwaka wa 1838 Carl August von Steinheil, profesa wa Munich katika Ujerumani, alitaka kuitumia reli ya kutoka Nuremberg hadi Fürth badala ya nyaya za telegrafu. Umeme huhitaji njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, naye alitumaini kwamba kila chuma cha reli kitakuwa njia moja. Hakufaulu, maana umeme ulivuja toka chuma kimoja hadi cha pili kwa kupitia ardhini. Mwingine angalikunja vyombo vyake akaenda zake. Steinheil alikaa akawaza: ikiwa ardhi yachukua umeme vizuri hivi, kwa nini isiwe ndiyo njia ya kurudia? Akafukia bamba la madini kila upande, akatumia waya mmoja tu. Nusu ya waya ikaokolewa, na makampuni ya telegrafu hayakuhitaji kushawishiwa zaidi.

Ufundi huo ulifika kwetu pia. Waya wa baharini kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka wa 1879, na reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani ilipojengwa, kati ya mwaka wa 1896 na 1901, telegrafu iliandamana nayo juu ya nguzo. Telegrafu za siku zile, kwa desturi, ziliirudishia ardhi kazi ya waya wa pili. Wanandi hawakuwa na haja ya habari za wageni, lakini waya wenyewe waliuona kuwa mzuri. Wakaukata, wakafanya mapambo, na serikali ikalihesabu jambo hilo kuwa sababu mojawapo ya kuwapiga vita. Wako wanaolisimulia kwa kicheko. Mimi sicheki. Waya ule ulipita katika nchi yao, na nusu ya njia ya umeme ilikuwa ardhi yao hasa, wala hawakuulizwa.

Lakini ardhi haitunzi siri. Umeme uliomo ndani yake hauendi kama maji ya mferejini. Huenea pande zote kama maji yaliyomwagwa uwanjani. Mtu akichomeka vyuma viwili mbali kidogo, akaviunga na chombo cha kukuza sauti, hunasa sehemu ya umeme huo, na maneno pamoja nao. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kule Ufaransa, majeshi yalitazamana katika mahandaki, na Waingereza walikuwa wakitumia simu za waya mmoja. Wajerumani wakachomeka vyuma vyao, wakasikiliza. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, 1916, kabla ya shambulio kubwa la mto Somme, kituo chao karibu na kijiji cha La Boisselle kilinasa sehemu ya ujumbe ambao Jenerali Rawlinson aliwapelekea askari wake ili kuwatia moyo. Wajerumani wakajua kwamba shambulio liko mlangoni. Siku ile moja walikufa askari wa Kiingereza zaidi ya 19,000. Siwezi kusema kwamba waliuawa na simu, maana bombomu na makosa ya majemadari vilitosha. Lakini walipotoka mahandakini walikuwa wakingojewa.

Katika kazi hiyohiyo ya kudukiza, mwanasayansi Heinrich Barkhausen alisikia sauti zisizotoka kwa binadamu yeyote. Zilikuwa mbinja, zilizoanza nyembamba sana kisha zikashuka na kuwa nene. Askari walisema ni makombora yanayoruka. Barkhausen aliandika habari zake mwaka wa 1919, lakini maelezo kamili yalingoja hadi mwaka wa 1953, alipoyatoa Storey wa Cambridge. Umeme wa radi ukipiga, alisema, sehemu ya mawimbi yake hupanda juu sana kupita hewa yetu, hufuata mistari ya sumaku ya dunia, na kushuka upande wa pili wa ikweta. Mawimbi ya sauti nyembamba hutangulia kufika, na yale ya sauti nene huchelewa. Ndiyo sababu mbinja hushuka. Basi mtu aliyetumwa kusikiliza adui alikuwa amesikia radi ya nusu nyingine ya dunia.

Wakati huohuo, huko Marekani, James Harris Rogers alifukia nyaya zake ardhini katika jimbo la Maryland na kupokea vituo vya Ulaya ng'ambo ya bahari. Jeshi la maji la nchi yake likautumia ufundi huo vitani, na baadaye likaupeleka mbali kuliko alivyoota Rogers. Likitaka kusema na nyambizi zilizozama baharini, lilitandaza nyaya ndefu juu ya nguzo katika majimbo ya Wisconsin na Michigan, na kuzizika ncha zake ardhini. Kituo hicho kilikuwa tayari kabisa mwaka wa 1989, kikafungwa mwaka wa 2004. Kilitumia mizunguko 76 tu kwa sekunde, na herufi tatu zilichukua kama robo saa kufika.

Kwa nini Wisconsin? Kwa sababu ya mawe yake. Ardhi ikiwa na majimaji, umeme hurudi karibu na uso wa nchi, na duara ufanyao pamoja na waya huwa jembamba na dhaifu. Mwamba mkongwe na mkavu huupinga umeme, nao hulazimika kushuka chini sana kabla ya kurudi. Duara likawa kubwa, na antena ikawa na nguvu. Kwa hiyo ardhi inayopitisha umeme vibaya ndiyo antena njema. Nasi tunazo zote mbili. Miteremko ya Meru na Embu, penye majani chai na kahawa, ina udongo mwekundu wenye maji, uliozaliwa na volkeno. Teremkeni Mbeere au Tharaka, nanyi mtaikuta miamba ya kale, migumu, iliyokuwapo kabla mlima haujazaliwa.

Wapenzi wa redio wa Ulaya hujaribu mambo haya chini ya mizunguko 9,000 kwa sekunde, kwa nguvu ndogo, nao hupeleka herufi polepole mno hata sikio haliwezi kuzitambua. Kompyuta huzichora katika mistari. Nao waokoaji wa mapangoni huko Uingereza wamepata kutumia vyombo vya mizunguko 87,000 vyenye nyaya mbili za kuchomekwa ardhini, ili kusema na wenzao walio chini ya mwamba.

Kupeleka mawimbi kwahitaji leseni ya serikali, basi mimi na wanafunzi wangu tulisikiliza tu. Tulichomeka nondo mbili katika kiwanja cha shule, hatua mia kati yake, tukaunga waya na kikuza sauti kidogo cha betri na visikizio. Mawimbi haya yana mizunguko sawa na ile ya sauti, kwa hiyo hayahitaji redio. Tulisikia nini? Ngurumo moja tu isiyokoma, mizunguko 50 ya umeme wa majumbani. Jumamosi iliyofuata tuliteremka Mbeere, tukaomba ruhusa katika shamba lililo mbali na nguzo za umeme, siku isiyo na dalili ya mvua, maana waya mrefu wakati wa radi huua.

Pale tulisikia mpasuko, kama kuni mbichi motoni: radi za mbali. Jua lilipokwisha kuchwa, mipasuko ikaanza kuwa na mkia, mlio mfupi kama wa kifaranga. Hiyo ni radi iliyosafiri usiku kwa kurukaruka kati ya ardhi na tabaka la hewa yenye umeme, kilometa 80 au 90 juu yetu.

"Mwalimu," msichana mmoja akauliza, "mbona mbinja za Barkhausen hatuzisikii?"

Nikamweleza kwamba ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, kaskazini mwetu, na kwamba huku karibu nayo mistari ya sumaku haipandi juu vya kutosha kuzileta. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi bila miguu. Kisha akavirudisha visikizio masikioni, akafungua daftari, akaanza kuhesabu vile vifaranga kwa kila dakika. Saa tatu ya usiku, dereva alipopiga honi, alikuwa bado anahesabu.