Enzi ya Miaka Miwili Katika Pwani Yetu

Wajapani wa kale walikuwa na desturi ya kuipa kila enzi jina lake, na msiba ulipoingia nchini waliweza kulitupa jina hilo na kuanza jipya. Enzi iitwayo Ryakunin ilianza mwishoni mwa mwaka 1238, ikakoma mapema mwaka 1239, baada ya miezi miwili na ushei. Usicheke, ewe msomaji wa Diani au Msambweni, kwani pwani yako nayo ilipata enzi fupi, ingawa hakuna aliyeipa jina.

Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa Mombasa ilitawaliwa na Mazrui. Seyyid Said wa Omani aliitaka, na Pemba ilikuwa imekwisha kuwatoka mikononi. Kwa hofu hiyo waliomba himaya ya Waingereza. Nahodha Vidal, aliyefika Desemba 1823, hakukubali kuwapa bendera; basi wakashona yao wenyewe! Nahodha Owen alipotia nanga tarehe 7 Februari 1824, aliikuta bendera ya Kiingereza ikipepea juu ya Ngome ya Yesu.

Owen aliuchukia mno utumwa. Akawakubalia Mazrui ombi lao kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe, na nusu ya ushuru wa forodha iwe ya Waingereza. Mipaka iliyotajwa ilitoka Malindi hadi Pangani. Kwa hiyo Diani, Msambweni na Vanga zote zilikuwemo. Angalia jinsi nchi ndefu namna hiyo ilivyowekwa chini ya bendera kwa mapatano ya mji mmoja.

Wala Owen hakuwa ametumwa na serikali yake kufanya hayo. Alimwacha Luteni Reitz, kijana wa miaka ishirini na kidogo, awe mkuu wa mji. Kabla Mei haijaisha kijana huyo alifariki kwa homa katika safari ya Pangani. Jina lake limebaki katika Port Reitz, maji yale yaliyo nyuma ya Kilindini. Baada yake Luteni Emery alishika kazi, nayo haikuwa nyepesi: Mazrui walitaka ngao dhidi ya Seyyid Said, si mgeni wa kuwahesabia ushuru na kuwakataza biashara. Kwa maoni yangu, mapatano hayo yalikuwa na ufa tangu siku ya kwanza.

Huko London wakubwa walimthamini zaidi Seyyid Said, ambaye mwaka 1822 alikuwa ametia saini mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa. Wakakataa kuithibitisha kazi ya Owen, na mwezi wa Julai 1826 bendera ikashushwa.

Mazrui walipigana peke yao hadi 1837, Seyyid Said alipoutwaa mji. Wakuu wao walikamatwa wakapelekwa uhamishoni. Waliosalia wakakimbilia Takaungu, na wengine wakaja huku kwetu Gazi. Hapo ndipo alipotawala Mbaruk bin Rashid, mwana wa liwali wa mwisho wa Mazrui. Mwaka 1895 alipigana na Waingereza, wenye bendera ile ile waliyoishona wazee wake. Ngome yake ya Mwele, katika vilima vya Shimba, ilitekwa Agosti mwaka huo. Aprili 1896 alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910.