Nyumba za Shela: Urithi wa Binti na Kodi ya Mgeni

Wekeni madaftari karibu, maana leo tutasoma historia na hesabu pamoja.

Somo letu ni historia ya mji mdogo wa pwani uitwao Shela. Hatutazungumza sana habari za masultani na majemadari. Tutazungumza habari za nyumba. Pengine utauliza, "Nyumba ina historia gani?" Sikiliza kwanza, kisha utajibu mwenyewe.

MJI WENYEWE

Kaskazini mwa pwani ya Kenya kuna kisiwa cha Lamu, ambacho wenyeji hukiita Amu. Ukitoka mji wa Lamu ukafuata ufuo kwa kilometa 3 hivi, utafika Shela. Mbele yake ni mlango wa bahari, na ng'ambo ni kisiwa cha Manda. Nyuma yake kuna vilima vya mchanga, na ukiupita mji utaona ufuo mweupe ulionyooka kwa kilometa 12 hivi.

Wazee wa Shela husimulia kwamba wahenga wao walitoka Takwa, mji wa kale katika kisiwa cha Manda. Watu waliuhama mji ule katika karne ya 17. Magofu yake yangalipo: msikiti, ukuta, na kaburi lenye nguzo ndefu. Watu wa Shela walishika desturi ya kuvuka maji kwenda kulizuru kaburi hilo na kuomba mvua. Hivyo tangu mwanzo walijua maana ya kuacha nyumba, na maana ya kuikumbuka.

Mnamo mwaka 1812 hivi, jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela ili kuipiga Lamu. Watu wa Lamu walilishinda. Adui walipokimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani. Wengi wakauawa pale pale. Baada ya vita watu wa Lamu waliogopa kisasi, wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Omani. Ngome ya Lamu ikamalizwa kujengwa mwaka 1821 hivi. Amani ilileta biashara, na biashara ilileta majengo. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara mweupe uonekanao kutoka baharini, ulijengwa mwaka 1829.

NYUMBA ILIJENGWAJE?

Nyumba za matajiri zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari iliwekwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba dari pana, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba.

Nje ya mlango kuna daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe. Hapo baba mwenye nyumba alizungumza na wageni wasio jamaa. Ukipita mlango unaingia tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa jua na upepo. Baada ya kiwanda kuna misana, na nyuma kabisa kuna ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba. Ukuta wa ndani ulipambwa kwa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu. Kila hatua ilimtoa mtu kwenye mambo ya watu wote na kumwingiza katika siri ya jamaa.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Nyumba hii ilikuwa ya nani? Katika jamaa zenye uwezo, binti alipoolewa baba alimpa nyumba, au alimjengea orofa juu ya nyumba ya mama yake. Bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Mabinti wakiwa wengi, nyumba iliongezwa kwenda juu, au ilivuka njia kwa daraja liitwalo wikio, ili dada waweze kutembeleana pasipo kushuka barabarani. Hivyo mume akifa au akimwacha mkewe, mwanamke hakulala nje. Nyumba ilikuwa ngao yake.

Lakini tuseme kweli yote. Utajiri uliojenga nyumba zile ulitoka katika biashara ya bahari, na pia katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Jasho lao limo katika kuta zile, ingawa hawakupata urithi wake. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikatazwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa mwaka 1907 katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Tena meli kubwa na reli ziliipeleka biashara Mombasa. Lamu ikapungukiwa, na Shela ikapungukiwa zaidi. Watu walihama, dari zikaanguka, mibuyu na nyasi zikaota viwandani.

WAGENI WANAFIKA

Wageni hawakuwa jambo jipya. Kila mwaka, wakati wa Maulidi ya Lamu, watu hufika kutoka pwani yote na hata ng'ambo, kwa ajili ya msikiti wa Riyadha na kumbukumbu ya Habib Swaleh. Zamani mgeni wa namna hiyo alilala kwa jamaa au kwa rafiki wa jamaa, akala alichokula mwenyeji, wala hakuulizwa fedha. Methali yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maana yake, baada ya siku mbili mgeni huwa mtu wa nyumbani, naye husaidia kazi.

Mgeni wa namna ya pili alianza kuonekana kwa wingi baadaye. Mwaka 1967 hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela, ukingoni mwa maji. Katika miaka ya 1970 vijana wa Ulaya na Marekani walikuja Lamu wakitafuta mahali pa utulivu na bei nafuu. Walipanga chumba, au hata walilala juu ya dari. Wengine waliyapenda magofu ya Shela, wakayanunua na kuyatengeneza. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na jina la kisiwa likaenea zaidi. Nyumba nyingi za Shela sasa hupangishwa kwa juma au kwa mwezi, pamoja na mpishi na mtunzaji wa nyumba.

Je, jambo hili ni baya? Tusikimbilie kuhukumu. Fundi wa chokaa amepata kazi, na ujuzi uliokaribia kufa umefundishwa vijana. Mvuvi huuza samaki mlangoni. Nahodha hupeleka wageni Manda kwa jahazi. Mwenye punda hubeba mawe na mchanga. Lakini bei ya nyumba imepanda sana, na kijana wa Shela anayetaka kuoa hushindwa kununua nyumba katika mtaa aliozaliwa.

HESABU YA URITHI

Chukueni kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, baba amekufa, ameacha nyumba moja, mke mmoja, wana 2 na mabinti 3. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata sehemu 1 katika 8. Zinabaki sehemu 7. Kila mwana hupata mara mbili ya binti, basi wana wawili hupata sehemu 4, na mabinti watatu hupata sehemu 3. Jumla: 1 na 4 na 3 ni 8. Hesabu imetimia.

Mnunuzi anakuja na shilingi 8,000,000. Kila binti atapata shilingi 1,000,000. Ni fedha nyingi kuziona mezani. Lakini je, zitamnunulia nyumba nyingine Shela? Hapana. Zitakwisha kwa harusi, matibabu na ada za shule, na ile ngao ya mama zao itakuwa imekwenda.

Sasa tuseme jamaa wamekataa kuuza, wakaipangisha. Baada ya kulipa matengenezo na mishahara, kila mwaka inabaki shilingi 400,000. Kila binti atapata 50,000. Ni kidogo, lakini mwakani atapata tena, na nyumba ingali yao. Itachukua miaka 20 kufikia ile milioni moja, na mwaka wa 21 nyumba bado imesimama, nayo huenda ina thamani kuliko kwanza.

Lakini kupangisha nako kuna hatari zake. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na watalii wakaacha kuja. Mwaka 2014 palitokea mashambulio ya Mpeketoni, na mwaka 2020 maradhi ya korona yakafunga njia za dunia. Miaka ya namna hiyo kodi haiji, lakini mchwa huendelea kula boriti. Kwa hiyo jamaa mwenye busara huweka akiba katika mwaka mwema.

Tena kuna mambo matatu ya sheria ya kukumbuka. La kwanza, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimruhusu mtu asiye raia kumiliki ardhi milele. Anaweza kukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Kabla ya kutia sahihi, soma idadi ya miaka iliyoandikwa. La pili, mabishano ya mirathi kati ya Waislamu yanaweza kupelekwa kwa Kadhi. Dada asikubali kuambiwa, "Mambo ya nyumba ni ya wanaume." La tatu, nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi kama bidhaa. Jamaa wengi wa pwani waliweka wakfu ili nyumba isitawanyike.

MAJI CHINI YA MCHANGA

Limebaki jambo moja. Vile vilima vya mchanga nyuma ya Shela si uwanja mtupu. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa na kuichuja, na maji matamu hukaa chini, juu ya maji ya chumvi. Visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Watu wakijenga juu ya vilima, au wakivuta maji kupita kiasi kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea, maji ya chumvi hupanda. Nyumba nzuri isiyo na maji haitapata mpangaji, wala mwenyeji hataweza kuishi humo. Wahenga waliovuka kwenda Takwa kuomba mvua walijua thamani yake.

Basi, tuliuliza mwanzoni, nyumba ina historia gani? Nyumba ya Shela imeona vita, utajiri, utumwa, umaskini na wageni. Sasa imo mikononi mwa watu kama wewe, wanaojifunza kusoma. Asiyejua kusoma hutia kidole kwenye wino na kuambiwa, "Tumekwisha." Ajuaye kusoma husema, "Ngoja kwanza, nisome."

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini baba wa zamani alimpa binti nyumba, wala si mwana?
2. Tuseme mabinti ni 5 na wana ni 1, na mama yu hai. Kila mtu atapata sehemu gani?
3. Katika mji wako, ni mali gani ya jamaa ambayo ni afadhali kuikodisha kuliko kuiuza?
4. Nani alinde visima: serikali, wenye nyumba, au watu wote?

Hapa ndipo tunapoishia leo. Jibuni maswali pamoja na mwalimu wenu, na anayejua zaidi amsaidie anayeanza. Kwaherini.