Kiyidishi ni Lugha Kamili
Wapo waliokiita Kiyidishi Kijerumani kilichoharibika. Hoja hiyo haina mashiko. Ni kweli msamiati wake mwingi una asili ya Kijerumani cha kale. Lakini wasemaji wake, Wayahudi wa Ashkenazi wa Ulaya, walikiandika kwa herufi za Kiebrania, wakakitajirisha kwa Kiebrania, Kiaramu na lugha za Kislavi. Sentensi yake kongwe inayojulikana yenye tarehe imo katika kitabu cha sala cha mji wa Worms, Ujerumani, cha mwaka 1272. Mwaka 1978 Isaac Bashevis Singer, aliyeandika kwa Kiyidishi, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Wengine husema kimekufa. Wanazi waliwaua mamilioni ya wasemaji wake, msiba usiosemeka. Hata hivyo, katika familia za Wahasidi, Wayahudi washika dini, wa Brooklyn na Jerusalem, watoto wangali wanakulia ndani yake.