Miaka Tisa ya Kusubiri: China, Uingereza na Ushuru wa Kasumba

Mkataba wa Nanjing wa 1842 ulimaliza vita vya China na Uingereza vilivyozuka baada ya Lin Zexu, kamishna wa mfalme wa China, kuharibu masanduku zaidi ya 20,000 ya kasumba huko Humen. Ajabu ni kwamba haukuihalalisha biashara hiyo wala kuipiga marufuku. Kasumba ilitajwa pale tu China ilipotakiwa kulipa dola milioni 6 kufidia mzigo ulioharibiwa. Baada ya hapo shehena kutoka India ziliendelea kushushwa kwa magendo, mchana kweupe.

Novemba 1858, baada ya kushindwa tena vitani, wajumbe wa China walikubali huko Shanghai kuiingiza kasumba katika orodha ya forodha. Iliandikwa kwa jina la “dawa ya kigeni”, na ushuru wake ukawa taeli 30 za fedha kwa kila pikuli, yaani kama kilo 60. Sharti moja dogo la makubaliano hayo lilibeba uzito mkubwa: mfanyabiashara wa kigeni aliruhusiwa kuuza bandarini tu. Kutoka hapo kwenda bara, mzigo ulisafirishwa na Wachina wenyewe, na serikali ya China, ya nasaba ya Qing, iliweza kuutoza likin, ushuru wa njiani, kwa kiwango ilichotaka. Hii ndiyo nguvu iliyobaki mikononi mwa China, na ndiyo iliyogombaniwa miaka yote iliyofuata.

Mwaka 1869 balozi wa Uingereza, Rutherford Alcock, alikubali ushuru wa bandarini upande hadi taeli 50. Wafanyabiashara wakapiga kelele, na London ikakataa kuuidhinisha mkataba wake.

Kisha mwaka 1875 mkalimani Mwingereza, Augustus Margary, aliuawa Yunnan. Thomas Wade, balozi wa Uingereza, aliitumia damu hiyo kudai mambo mengi ambayo hayakuhusiana nayo hata kidogo. Yeye na Li Hongzhang, mjumbe wa China, walitia saini mkataba huko Yantai, Septemba 1876. Hata hivyo Li hakutoka mikono mitupu: kasumba ingewekwa ghalani chini ya ulinzi wa forodha mpaka ushuru na likin vilipwe kwa pamoja. Kifungu hicho kingeziba mianya ya magendo, hasa yale ya Hong Kong.

China ilitimiza ahadi zake bila kuchelewa. Ilimtuma Guo Songtao London kuomba radhi, na mwaka 1877 ikafungua bandari za Yichang, Wuhu, Wenzhou na Beihai. Uingereza ilichukua bandari hizo, kisha ikakikalia kifungu cha kasumba kwa miaka tisa, kwa kuwa serikali ya Waingereza nchini India ilihofia mapato yake. Kwangu mimi, ucheleweshaji huo ni dhuluma sawa na mizinga.

Mwaka 1881 Li aliwaandikia Waingereza waliopinga biashara hiyo kwamba nchi zao mbili haziwezi kukutana: China ilitazama uadilifu, Uingereza ilitazama fedha. Kauli nzito, ingawa hazina ya Qing nayo ilikwisha kuizoea fedha hiyo. Hatimaye, Julai 1885, Zeng Jize, balozi wa China, na Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, walikubaliana London: taeli 110 kwa pikuli, yaani 30 za forodha na 80 za likin. Utekelezaji ulianza 1887. Kufikia wakati huo mashamba ya Sichuan na Yunnan yalikuwa yakizalisha kasumba nyingi kuliko iliyoingia kwa meli.

Swali la kuikomesha kabisa lilifika mezani baada ya amri ya kifalme ya 1906. Kwa makubaliano yaliyoanza 1908, India ingepunguza masanduku 5,100 kila mwaka, nayo China ingeng’oa mipopi yake kwa kasi hiyohiyo. Mwaka 1911 John Jordan, balozi wa Uingereza, alikubali ushuru wa taeli 350 kwa sanduku, na majimbo yaliyothibitishwa kuwa hayalimi tena mipopi yakafungiwa kasumba ya India. Usafirishaji kwenda China ulikoma 1913, lakini akiba ya wafanyabiashara ilibaki maghalani Shanghai. Serikali ya China iliinunua kwa fedha yake, na Januari 1919 ikaichoma moto huko Pudong.