Kicheko cha Kibanda cha Video: Gusii na Filamu za Anga za Bei Rahisi

Mwaka 1974, vijana wawili waliosomea filamu katika Chuo Kikuu cha Southern California, John Carpenter na Dan O'Bannon, walitoa filamu iitwayo Dark Star. Ilikuwa imeanza kama kazi ya chuo, na hadi kukamilika iligharimu takriban dola 60,000, fedha kidogo mno kwa hadithi ya chombo cha angani. Walihitaji kiumbe kutoka sayari nyingine na hawakuwa na pesa za kumuunda. Wakachukua mpira wa ufukweni, ule wa kujazwa upepo, wakaupachika makucha, ukaanza kumhangaisha mwanaanga mpaka akabaki ananing'inia kwenye shimo la lifti.

Ionyeshe filamu hiyo leo Keroka, pale mpakani mwa Kisii na Nyamira, na ukumbi mzima utajua mara moja kwamba ule ni mpira. Watu watacheka, kisha watamhurumia mwanaanga. Kucheka na kuamini kwa pamoja ni ujuzi, na ujuzi huo una historia ndefu katika nchi yetu. Historia yenyewe inaanza na dharau.

Kati ya 1935 na 1937, Waingereza Leslie Notcutt na Geoffrey Latham waliendesha mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Walitengeneza filamu zipatazo 35, wakazipakia kwenye lori na kuzizungusha Afrika Mashariki na Kati, Kenya ikiwemo. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya ya umma Nigeria. Sellers alishikilia kwamba mwanakijiji wa Kiafrika haielewi sinema kama wengine. Kwa hivyo picha ziende polepole, hadithi iwe nyepesi, na ujanja wowote wa kamera uepukwe.

Kisa kilichopendwa na maofisa wa enzi hizo kilihusu mbu. Wanakijiji, kwa mujibu wa kisa hicho, walionyeshwa mbu aliyekuzwa akajaza kitambaa chote, wakasema kwao malaria si tatizo kwa kuwa hawana mbu wakubwa namna hiyo. Kisa kilirudiwa miaka mingi kama ushahidi wa ujinga. Hakuna aliyefikiria kwamba huenda wanakijiji walikuwa wanatania, wala kwamba huenda walikuwa wanamkosoa mtengenezaji kwa kukuza kitu bila kueleza.

Filamu za Vugiri zilibeba jambo jingine ambalo watengenezaji wake hawakujua lingefika mbali. Sauti haikuwa kwenye mkanda wa picha. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, na mara nyingi mtu alisimama na kipaza sauti akawaeleza watazamaji kinachoendelea. Magari ya sinema yaliyofuata, ya serikali na baadaye ya matangazo ya biashara, yalidumisha desturi hiyo. Wazee wa Gusii wanayakumbuka: kitambaa cheupe kinatundikwa kwenye uwanja wa shule au sokoni, jua linazama, watoto wanakaa chini kwenye nyasi, na katikati ya tangazo la sabuni na lile la mbolea anatokea Charlie Chaplin. Hapo ndipo wengi walipozoea kwamba sinema huja na mtu wa kuisimulia, na kwamba mtazamaji anaruhusiwa kumjibu.

Kanda za video zilipoenea miaka ya themanini na tisini, msimulizi huyo alirudi kwa kishindo. Uganda wakapata ma-VJ, wasimulizi wa filamu za video. Dar es Salaam ikampata Lufufu. Kenya tukampata DJ Afro, anayeingia ndani ya filamu akasema kwa niaba ya kila mtu, steringi kwa jambazi, akimpa kila mmoja maneno ya mtaani. Kinachosemwa na mwigizaji kwa Kiingereza au Kichina hakina uzito tena. Hadithi ni ile inayotoka kwa msimulizi.

Kibanda cha video, alikosikika msimulizi huyo, kilikuwa chumba cha mabati chenye fomu za mbao, blanketi zito mlangoni la kuzuia mwanga, na TV ya chogo iliyoinuliwa juu ili hata wa nyuma aione. Nje kulikuwa na ubao wenye majina ya filamu za siku yaliyoandikwa kwa chaki. Stima ikipotea, nusu ya ukumbi inadai pesa zake na nusu nyingine inabishana kuhusu mwisho ungekuwaje. Zilizotawala zilikuwa filamu za kupigana za Hong Kong, za Kihindi na za risasi za Marekani, nyingi zikiwa za bajeti ndogo. Mtu akiruka juu ya paa na kamba ikaonekana, kelele zilipanda. Walioipigia kelele kamba ndio hao hao waliokaa kimya mama wa steringi alipofariki.

Sellers angeduwaa. Watu aliosema hawawezi kuelewa ujanja wa kamera walikuwa wakiukagua mmoja mmoja, wakiupa alama. Huku kwetu watu wanaiheshimu kazi ya mikono. Tabaka wanachonga jiwe la sabuni, na mnunuzi wa kinyago hupitisha kidole kutafuta palipokosewa kabla hajauliza bei. Jicho hilo hilo liliingia kibandani. Na jicho linalojua kazi husamehe mengi linapoona bidii.

Ndiyo maana ninazipenda filamu hizi za bei rahisi na kuwahimiza wasomaji wazitafute. Anzeni na The Little Shop of Horrors ya Roger Corman, ya mwaka 1960. Sehemu kubwa ilipigwa kwa siku mbili ndani ya seti iliyobaki kutoka filamu nyingine. Inamhusu kijana wa duka la maua na mmea wake unaotaka kulishwa watu. Kisha tazameni The Brother from Another Planet ya John Sayles, ya 1984, iliyogharimu kama dola 350,000. Mtumwa mweusi anatoroka sayari yake, anaangukia New York na kujikuta Harlem. Hawezi kusema, ila mkono wake ukigusa mashine iliyoharibika, inapona. Wanaume wawili weupe waliovaa nguo nyeusi wanamsaka, na mmoja wao anaigizwa na Sayles mwenyewe. Ni kichekesho, na papo hapo ni hadithi ya kila mhamiaji aliyefika mji mkubwa bila jamaa.

Karibu na kwetu, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Si filamu ya anga, lakini helikopta zake za kompyuta ni ndugu wa mpira wa Dark Star. Juu ya picha kuna sauti ya VJ Emmie, anayeshangilia, kutania na kusukuma hadithi mbele. Dunia ilipoigundua mtandaoni, wengi waliona sauti ile ni kitu kipya kabisa. Kwa aliyelelewa kwenye vibanda, hivyo ndivyo sinema ilivyo siku zote.

Kijana wa Nyamira mwenye simu na wazo la chombo cha angani kinachotua Manga asisubiri bajeti. Corman alipiga sehemu kubwa ya filamu yake kwa siku mbili, na Nabwana kwa pesa ambazo hazinunui pikipiki. Carpenter na O'Bannon walikuwa na mpira tu, lakini waliandika mazungumzo ya wanaanga na bomu linalokataa amri, mazungumzo yanayokumbukwa hadi leo. Watazamaji wapo tayari. Wameshapita shule ya kibanda. Watacheka kamba ikionekana, na hadithi ikiwa nzuri watakaa mpaka mwisho.